Chumba Alichokifunika Semeni

Semeni ni wifi yangu, kaolewa na kaka yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ana roho nzuri mpaka inakera. Nyumba aliyoachiwa na mama yake hapa Mgeta, jirani na kituo cha afya, aliigeuza ya wajawazito. Wanawake wa vijiji vya juu, ambako gari halifiki, walikuwa wanashuka siku zao zikikaribia, wanalala kwake, uchungu ukianza wanavuka barabara tu. Aliwalisha kwa njegere zake mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyelala kwake akazalia njiani.

Lakini nyumba ilichoka. Chumba cha nyuma bati lilioza, ukuta wa udongo ukalowa, ukiugusa unabonyea. Tukasikia kuna shirika la Dar linasaidia nyumba kama hizi, na mtu wao, dada Cecilia, anakuja kutuona.

Basi mwenzenu akaanza kupamba. Kaazima viti, kaazima vitenge vipya kawavika wajawazito, kachinja kuku. Kile chumba cha nyuma akakitundikia pazia, akasogeza na kabati mbele yake.

"We Semeni, una akili kweli?" nikamwambia. "Ubovu ndio wanaokuja kuuona!"

"Wifi, hii nyumba ya mama yangu, nimwanike kwa mgeni? Acha ale kwanza."

Cecilia akala, akasifu pilau. Akauliza, "Mna changamoto gani, mama?"

"Ah, hakuna shida mwanangu, tunamshukuru Mungu."

Nikamkanyaga mguu. Akaniongezea nyama. Nikafungua mdomo, "Kuna chumba..." akanidakia, "Huyu wifi yangu ana utani huyu!" Wote wakacheka, na mimi nikaonekana mwehu.

Na huyo Cecilia naye! Msomi mzima, hakuuliza mara ya pili, pazia hakuligusa. Baadaye akapiga simu: wakubwa zake wamefurahi sana, ila wameona sisi tumeshajiweza, msaada umekwenda kwa wenye shida zaidi. Semeni akamshukuru. Akamshukuru, jamani!

Masika yakaja. Ukuta ukaanguka, ukavuta na paa la nyumba nzima. Bahati nzuri wajawazito wote walikuwa kliniki. Semeni akawarudisha makwao huku analia.

Mmoja wao alikuwa Shakila, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshikia huko juu. Wanaume wakamteremsha kwa machela, mvua inanyesha, njia utelezi mtupu. Akajifungulia njiani, chini ya migomba. Mtoto wa kike. Alilia kidogo, akanyamaza.

Tukapanda msibani. Semeni akaomba amwoshe mtoto yeye. Mama yake Shakila alimtazama weee, mwisho akamkabidhi.

Mimi ndiye niliyemimina maji. Hasira zangu nilipanda nazo mlima mzima, nimeshapanga na maneno ya kumwambia. Yakaniishia pale pale. Semeni alikuwa anampitisha mkono kifuani, taratibu, na anamsemesha. Nikadhani ni dua. Nikainama nisikie.

"Bati limeoza," alikuwa anamwambia yule mtoto. "Ukuta umelowa. Hatuna uwezo. Tunaomba mtusaidie."

Akarudia tena, kwa adabu, kama anaongea na mgeni. Nikaendelea kumimina maji.