Kwaresima Bila Chumvi

Mama yangu alipenda chumvi kuliko sukari. Mwaka ule, baba akiwa mwenyekiti mpya wa kijiji chetu cha ujamaa huko Muleba, mama alifikia kuilamba kiganjani huku akimenya ndizi, halafu akaona haya kama mtoto aliyefumaniwa anadokoa. Alikuwa amekonda, na ngozi yake ilikuwa imezidi weusi hadi kwenye fizi na mistari ya viganja. Majirani walilaumu jua la kuanikia kahawa. Jua gani hilo linaloingia mdomoni?

Jumatano ya Majivu akatangaza kwamba ulafi wake umezidi, na Kwaresima hiyo atamtolea Mungu chumvi. Wengine walikuwa wanaacha pombe. Katekista alimsifu mbele ya watu, na sisi watoto tukajivuna. Kila jioni alijipakulia chakula chake kwanza, ndipo tukatia chumvi kwenye chungu.

Hakumaliza wiki tatu. Nilimkuta kibanjani, ameanguka chini ya migomba, matapishi kando yake, mwili wa baridi uliolowa jasho. Nilimwita, akanitazama kama hanijui. Niliogopa hata miguu ikagoma, kisha ikatimua mbio yenyewe, moyo ukinigonga hadi masikioni.

Wanaume walimbeba kwa engozi, ile machela yetu ya kusuka, wakipokezana mabegani kuelekea hospitali ya Rubya. Nilitembea ubavuni nikiikodolea macho kanga iliyomfunika kifua, kuona kama inapanda. Kila ilipotulia kidogo, nami pumzi ilinikatika. Mbebaji mmoja akaanza habari za kulishwa sumu. Baba akamwambia abebe au arudi kwake.

Hospitalini sista daktari alimpima presha, akamtazama fizi, akauliza kama aliwahi kuugua kifua kikuu. Aliwahi, zamani. Ndipo akamuuliza baba kama huchinja mbuzi. Baba, aliyeona swali hilo halina maana, akasema ndiyo. Basi ndani ya mafuta yanayozunguka figo, sista akaeleza, kuna tezi ndogo ambayo wachinjaji hawaijali. Binadamu anazo mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Sehemu yake ya nje huzuia chumvi isipotee mwilini, na hutupa nguvu za kuhimili ugonjwa. Kiini chake ndicho huamsha moyo na miguu tunapoogopa. Za mama huenda zimeliwa na kile kifua kikuu cha zamani, na chumvi ilikuwa ikimtoka kwenye mkojo.

"Hakuwa mlafi," sista alisema. "Mwili wake ulikuwa unaomba usife."

Baba akakaa sakafuni, mwenyekiti mzima. Mimi nilijishika kiunoni. Tezi zangu zilikuwa zikifanya kazi tangu asubuhi, na mama alikuwa amelala pale bila zake.

Walimchoma sindano, wakamtundikia dripu. Kesho yake alifumbua macho, akaufuata ule mpira hadi kwenye chupa, akauliza ni maji gani. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akamjibu kwamba ni ya chumvi.

Mama akaanza kuuvuta mpira. "Nilimwahidi Mungu," alisema. "Mpaka Pasaka."

Sikuwa nimewahi kumpinga mama hata kwa jicho, achilia mbali kumshika. Nilipanda kitandani nikaukandamiza mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, nikilia, naye akinisihi kwa Kihaya nimwachie, nisimtie dhambini.

"Basi dhambi iwe yangu," nilimwambia.

Sista alikuja mbio akatusaidia. Mama alipona, akaishi miaka mingi kwa vidonge na chumvi yake, na padri akamwambia kwamba nadhiri ile haimfungi. Lakini woga wa siku ile haujaniisha. Mkono niliouzoea ukibeba mkungu mzima wa ndizi, niliushinda bila hata kutumia nguvu zangu zote.