Scholarship yangu ya unesi iliishia Mikumi, kwa jibu moja la baba

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Ni enzi za Ujamaa, kwetu milimani Kilosa. Nimemaliza darasa la saba, akili inachemka.

Sista wa zahanati ya misheni alinipenda kwa sababu nilikuwa nasafisha vidonda bila kuziba pua. Akanitafutia scholarship ya unesi. Ada, sare, chakula, vyote juu ya misheni. Gari lingekuja Jumatatu kunichukua.

Baba akakubali palepale. Mimi nikaanza kujiita nesi kimoyomoyo.

Sasa kwa wasiotujua: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Na mjomba wangu mkubwa alikuwa Mikumi, kibarua wa barabara, hajaambiwa kitu.

Baba akasema mambo ya wajomba ni ya kizamani, siku hizi kuna kijiji na mwenyekiti. Mama akagoma.

"Mwanangu hatoki hapa bila kauli ya kaka yangu."

Jumamosi tukapanda basi: baba, mama, mimi na jogoo.

Mjomba alitupokea vizuri mno. Jogoo akachinjwa, tukala ugali, nikasifiwa nimekua. Tulipomaliza kunawa ndipo akauliza.

"Shemeji, mmekuja kuniomba au kunipa taarifa?"

Hapo wakuu hata mtoto mdogo anajua jibu. Mama alimkanyaga baba mguu, nilimwona kabisa.

Baba akanyoosha mgongo. "Kukupa taarifa, shemeji. Mtoto nimemzaa mimi."

Mjomba hakupandisha hata sauti. "Sawa. Na mimi nakupa taarifa. Haendi."

Tukapanda basi, tukarudi. Jumatatu gari likaja, Sista akabembeleza weee, mama analia lakini hathubutu kumvunjia kaka yake neno. Baba naye akaenda shamba. Nafasi yangu akapewa binti mmoja wa Msowero.

Nikaolewa Kimamba, nikauza maandazi. Sitawadanganya, maisha hayakuwa mabaya, mume wangu alikuwa mtu wa watu. Ila mpaka leo nikiona gauni jeupe la nesi moyo unaniuma.

Miaka ikapita, mjomba akaugua, akalazwa Kilosa. Nikawa nampelekea uji. Siku moja akaja nesi kumchoma sindano, kumwangalia vizuri ni yule binti wa Msowero! Alimchoma taratibu, akamfunika shuka, akamuuliza kama amelala vizuri.

Mjomba akamshika mkono. "Ubarikiwe mwanangu. Wakubwa zako walifanya la maana kukusomesha."

Kisha akanigeukia. "Unaona wenzio?"

Alikuwa amesahau, wakuu. Kasahau kabisa. Nikaendelea kukoroga uji ambao ulishapoa.

Baba na mjomba wote wametangulia, na wote niliwapenda. Nilichojifunza ni hiki: mtoto akipata nafasi, anayetaka kuombwa aombwe, hata kama unajua haki ni yako. Baba alikuwa na haki yake siku ile, akarudi nayo nyumbani, na mimi nikabaki nayo jikoni.

Haya, na nyie semeni. Kwenu mwenye kauli alikuwa nani, na mlimwomba au mlimpa taarifa?