Nywele Nilizonyoa Mapema

Msinisifu kwa uvumilivu. Wajukuu wakinisikia nasema subira yavuta heri, hunitazama kama niliyeila hiyo heri, nami nanyamaza. Mama mkwe hayupo tena wa kunisuta, na mume wangu hakunisuta kamwe. Basi nijisute mwenyewe.

Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanapitisha reli pale kwetu Zuzu, na mume wangu alikuwa mmoja wa wabeba vyuma. Siku moja chuma kiliwaponyoka, kikamvunja paja. Wakampeleka hospitali ya Dodoma, wakamlaza chali, mguu umefungwa ubao na kuvutwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga. Bwana mganga, Mdachi, akasema kwa kinywa cha askari kwamba atalala hivyo mpaka mfupa uunge. Nikauliza, lini? Ulikuwa msimu wa kupanda uwele. Askari akacheka. "Mama, mfupa hauna haraka kama wewe."

Wakati huo nilikuwa nasoma kwa mwalimu wa misheni, nangoja kubatizwa. Jamani, nilivyojiona! Mama mkwe yeye alishika imani ya wazee wetu. Kila alfajiri alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya tembe, akatia maji kinywani, akayapuliza kuelekea mashariki, akamtaja mwanawe na marehemu wa ukoo. Nilimcheka mbele ya majirani. "Mama, unawanawisha mbuzi?" Nikamwambia Mungu wangu mimi anasikia bila kutemewa maji. Yeye akatia maji mengine kinywani. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe nilikuwa mimi.

Kutoka Zuzu hadi Dodoma, unaondoka jogoo akiwika, unafika jua limeshakuwa kali, na kurudi ni vilevile. Mwanzoni nilikwenda kila siku ya tatu na kibuyu cha uji. Baadaye mara moja kwa juma. Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia hospitalini na bwana mganga akakataza watu kuingia. Nikashukuru moyoni, nikashika jembe. Mama mkwe alikwenda hivyohivyo. Alikaa nje ya ua, akaita kwa sauti, mwanawe akaitika kutoka ndani, naye akageuka kurudi.

"Ameitika," alituambia, akaketi kunyoosha miguu.

Nikasema, lo, safari nzima kwa neno moja!

Goti la mama mkwe likavimba, akashindwa kwenda kwa siku nyingi. Mimi niliyekuwa na magoti mazima sikwenda. Ndipo akapita mchungaji wa ng'ombe akitoka Dodoma, akasema wamemzika mtu wa reli, yule aliyevunjika mguu. Sasa sikilizeni aibu yangu. Wodi ile ilikuwa na watu watatu wa reli waliovunjika miguu. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, mmoja nilimpa uji. Sikumwuliza yule mchungaji ni yupi. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini chini ya machozi nilisikia mwili unapumzika. Nilikuwa nimechoka kungoja.

Kwetu mjane ndiye hutangulia kunyoa, kisha ndugu wanafuata, na pombe ya msiba inapikwa. Nikakaa chini, nikanyolewa hadi ngozi. Wembe ulipofika kwa mama mkwe akausukuma.

"Sijamwona. Sinyoi."

"Mwacheni," nikawaambia watu, tena kwa sauti. "Uchungu umemvuruga akili."

Pombe ilipokuwa imeiva mama mkwe akachukua fimbo, akaondoka kwenda Dodoma na goti lake lile. Tuliinywa siku ya pili yake. Watu walikuwa wanasifu jinsi nilivyojikaza, nami nimeinamisha kichwa kwa heshima ya mjane, alipoingia uani akichechemea. Hakufoka. Alisema ameitika, akaomba maji ya kunywa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake nikaenda, nimejitanda kaniki kichwani. Katazo lilikuwa limeondolewa asubuhi ileile, wakaniruhusu kuingia. Mume wangu alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, akafurahi kuniona mpaka nikashindwa kumtazama.

"Jitandue, joto lote hili!" akasema.

Nikasema nina kichwa kinauma. Akanyoosha mkono kunipapasa kichwa, kaniki ikateleza. Aliangalia muda mrefu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kichwa kile.

"Na mama amenyoa?"

"Hapana."

"Pombe je?"

"Imenywewa."

Nikaanza kumsimulia habari ya mchungaji, maneno yakinitoka mbiombio. Akanikatiza, si kwa ukali. "Umetembea sana. Kaa, unywe maji." Angenitukana ningepata pa kushika. Nilikaa, nikanywa.

Alirudi nyumbani uwele ukivunwa, kwa magongo mawili, baadaye moja. Alilima, tukazaa watoto wengine wawili, hakunitupia neno hata siku tuliyogombana vibaya. Siku ya ubatizo wangu mwalimu alinisimamisha mbele ya watu, akasema tazameni mke aliyemngoja mumewe kwa imani. Nywele zilikuwa zimeota, hakuna aliyebisha. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma kabisa. Nilimwona anatazama chini, ananistiri, na mimi nikapokea sifa ile na mdomo wangu huu huu.

Lakini tangu alipotoka hospitali, mume wangu akishikwa na homa, hata ya siku mbili, alibeba ngozi yake ya kulalia akaenda kulala upande wa mama yake. Sikumwuliza. Na mama yake alipofariki, akawa akiugua haniambii.