Mji Aliokuwa Akiungoja Kariuki

Agosti 1998 tulimpoteza kaka yangu Kariuki. Kwenye maombi ya matanga hapa Ruring'u, niliombwa nimfariji mama kwa maneno machache. Mimi si msemaji. Nikakumbuka tu mchezo mpya wa video aliokuwa akiungoja, akinisimulia kila siku.

“Kariuki alingojea mji mpya,” nikasema. “Mji usio na geti. Unaenda popote, unaendesha gari lolote, na ukifa unaamka.”

“Amina!” wakaitikia. Mama akalia kwa furaha. Kichwa kikanivimba, nikaongeza kwamba huko utaogelea bila kuzama.

“Hilo ni andiko gani, ndugu?” pasta akauliza, akifungua Biblia.

Kudanganya sikuweza. “Ni gemu ya video, pasta. Inatoka Krismasi.”

Mama akaondoa leso machoni. “Ati nini?”