Ng'ombe wa Soila Alivyogeuka Laptopu

Jirani yangu Katoo ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapeleka kwa ng'ombe. Mimi Wamaitha nafuga kuku hapa Isinya, na ploti yangu ilikuwa malisho yake kabla haijauzwa. Hajawahi kunilaumu. Asubuhi hupita na fimbo mabegani, ananiuliza kuku wangu wameamkaje, basi, hadi kesho. Mke wake alifariki kabla hawajapata mtoto, na hakuoa tena. Ile nyumba yake ya mabati ina kimya ambacho nakisikia hata nikiwa kwangu.

Alichokuwa nacho ni Soila, binti wa dadake Margaret anayekaa Kitengela. Soila alipokuwa mdogo, Katoo alimpa ndama mweusi. Kwa Wamaasai zawadi ya namna hiyo haiishii zizini. Aliyetoa ndama na aliyepewa huitana Paashe, huyu kwa yule, na majina mengine yote yanawekwa kando. Basi kila Jumapili watu wakitoka kanisani simu ya Katoo ilikuwa ikilia, na kwa vile spika yake hupiga kelele kama redio, nami nilisikia: "Paashe, supa!" Naye anaitika, "Ipa, Paashe. Ng'ombe wako ameshiba." Ni hapo tu ndipo ungejua Katoo ana meno.

Mwaka huu Soila yuko kidato cha nne. Anasoma kompyuta, na kuna mradi ambao lazima aumalize wakati wa likizo. Margaret akaja, akanywa chai ya kakake, akasema, "Kaka, huyo ng'ombe si ni wa Soila? Auzwe tumnunulie laptop." Nilikasirika kana kwamba ng'ombe ni wangu. Margaret alipoondoka nikamwendea Katoo senyengeni.

"Uza yule dume," nikamwambia. "Huyu mweusi muache."

"Nikikataa, Mama Mbugua, nilimpa nini sasa?"

Huyo mweusi alimpeleka mnadani yeye mwenyewe, na jioni alipita kwangu bila kuuliza habari za kuku.

Aliniomba nimsindikize Kitengela kununua, eti mimi najua hizo mambo kwa sababu mwanangu Mbugua ana laptopu. Ninachojua ni kwamba ya Mbugua huzima stima ikipotea tu. Tulimkuta Soila dukani kwa Kimanzi, kando ya barabara ya Namanga, macho yameshanasa kwenye moja nyembamba inayong'aa.

"Hiyo ya silver, aki, hiyo!"

Kimanzi alieleza kwamba zote zimetoka ng'ambo, zimetumika kidogo. Katoo, ambaye hawezi kununua hata mbuzi bila kujua kwa nini anauzwa, akaigusa kwa kidole kimoja.

"Mwenyewe aliiuza kwa nini?"

"Mzee, hiyo sijui," Kimanzi akacheka. "Pengine alipata ingine."

"Mtu hauzi kitu kizuri hivi hivi."

Nilijifanya nasoma bei za chaja ukutani.

Nikauliza habari ya betri. Kimanzi, sitamsingizia, hakuficha: ile ya kung'aa lazima ikae kwa stima. "Ya mwanafunzi chukua hii ya kijivu. Ni nzito, lakini betri inashika, keyboard ni ngumu, na hiyo project yake itafunguka bila shida." Soila alinuna kidogo. Kisha akaiwasha, akafungua hiki na kile, vidole vikaanza kukimbia, na uso ukafunguka. Katoo alimtazama yeye, laptopu hakuitazama.

"Itakaa na yeye mpaka lini?" akauliza.

"Akiitunza, mpaka college."

"Basi ni hiyo."

Nje ya duka Soila aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili. "Asante sana, uncle!"

Uncle. Nilimgeukia Katoo, naye akageukia watu wa boda boda. Mtoto hakuwa na ubaya, alikuwa na furaha tu. Na ng'ombe ameenda, angemwita lile jina kwa kitu gani? Hata hivyo nilitamani kumvuta sikio.

Jumapili moja Soila alipiga, ikaja nyingine akapiga kwa haraka, halafu mradi ukammeza. Katoo aliendelea kukaa nje juu ya mtungi wa plastiki, simu gotini, wakati uleule. Mimi nilikuwa nikigongagonga sufuria za kuku ili asidhani namwangalia. Namwangalia, ndiyo. Nifanyeje?

Mvua ziliporudi, ng'ombe wake wa kahawia alizaa ndama jike. Kesho yake Katoo alikuja hadi senyenge, shati safi, ndama akimfuata mamake nyuma yake. Yeye ambaye hungoja kupigiwa, leo alipiga mwenyewe. Nadhani alitaka mtu wa kushuhudia. Aliyepewa akishaitika kwa lile jina, mambo yamekwisha, wanakuwa Paashe tena.

"Soila," akasema. Kuanza na lile jina yeye mwenyewe hakuthubutu. "Nimepata ndama. Ni wako."

Upande wa pili zikapasuka kelele za furaha hadi kuku wangu wakainua vichwa.

"Waah! Serious? Asante, uncle! Atafika wa kuuzwa lini? Juzi Mum alikuwa anasema nikipata na printer niko set kabisa."

Katoo alimtazama ndama aliyeingiza kichwa chini ya tumbo la mamake, mkia ukichezacheza.

"Bado ananyonya," akasema.