Kazi Aliyoikataa Mzee Mwelwa

Kwa Mzee Mwelwa wa mtaa wa Makomeno, kitanda hutandikwa kwa namna moja tu: shuka ya chini ivutwe mpaka isibaki na kunyanzi, ya juu ikunjwe kichwani upana wa viganja viwili, na blanketi lisiguse sakafu. Usijaribu kumsaidia, atakitandua mbele ya macho yako na kuanza upya. Alijifunza hayo akiwa mhudumu ndani ya behewa la kulala, katika treni ya usiku iliyokuwa ikivuka mpaka wa Zambia kupitia Sakania. Abiria walimkabidhi paspoti zao, wakalala. Mpakani alishuka yeye, akabishana na maofisa kwa sauti ya chini, na wenye paspoti wakakoroma hadi Ndola.

Treni ile ilipofutwa, Mwelwa alirudi nyumbani na kofia yake mkononi, akamwambia mkewe, Mama Ngalula, kwamba wamemfukuza kazi. Kesho yake Mama Ngalula aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akaanza kukaanga vitumbula vya kuuza. Binti yao Annie alikaa miaka miwili bila shule. Vitumbula vinakaangwa hadi leo.

Annie alikua, akaenda Ubelgiji, na kama mtu anayelipiza kisasi, akatafuta kazi ileile ya baba yake: mhudumu wa vitanda katika treni ya usiku iliyotoka Bruxelles na kuvuka mipaka miwili. Mzee alilia kwa furaha, wala hakujificha. Kwa miaka tisa walizungumza kwenye simu kama mafundi wawili: shuka, abiria wasumbufu, ngazi za vitanda vya juu.

Jumapili moja, baada ya misa, Annie alipiga simu. Mama yake alikuwa kwenye mbabula, kwa hiyo mzee aliiweka simu juu ya kigoda na kufungua sauti, wote wasikie.

"Papa, treni yetu inaisha. Banaleta treni ya mbio. Njia yote masaa tatu. Bantu habalale tena."

"Na wewe?"

"Balinipa kazi mu ile ya mbio, kuangalia tiketi. Kesho njo siku ya kujibu. Nitakatala, Papa. Narudia ku nyumba. Wewe balikufukuza, haukupigia muntu magoti."

Arudi! Moyo wa mzee uliruka. Miaka tisa alikuwa akimwombea mtoto huyu arudi, na sasa ingetosha kumwita njoo, kusema "Kuya" tu. Hata mdomo alikuwa ameshaufungua. Kisha akamtazama mkewe, vidole vyake vilivyobabuka kwa mafuta, na neno hilo akaliacha. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe.

"Annie," akasema, "habakunifukuza."

Akaendelea upesi, Annie asije akamkatiza.

"Balinipa giché ya kuuzisha tiketi, pale ku gare ya treni. Mushahara ileile. Nikakatala. Nilisema mimi ni muntu wa bitanda, siwezi kukaa mu dirisha kama kasuku. Kiburi tu. Njo maana ulikosa masomo. Si bo balikukosesha. Ni mimi."

Aliyasema yote bila kugeuka. Katika maisha yake hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoogopa kuuona uso wa mkewe wakati ule. Nyuma yake kitumbula kiliungua, na hakuna aliyekigeuza.

"Papa, juu ya nini haukusema?" Annie alikuwa analia.

"Haya ilinishika. Kubali ile kazi, mama yangu. Bantu habalale? Basi batakuona. Mimi miaka kumi na tano, hakuna aliyejua sura yangu."

Annie alivuta kamasi, akasema ataikubali kazi kesho asubuhi, akaaga. Mzee alibaki ameinama. Mama Ngalula alikiopoa kile kilichoungua, akafuta mikono yake polepole. Miaka ishirini na nane ya vitumbula. Angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake.

"Baba Annie," alisema hatimaye. "Ninaamukaka saa ngapi kila siku kukoroga bunga?"

"Saa kumi."

"Kesho utaamuka wewe."

Akaamka. Vitumbula vyake vya kwanza vilikuwa vigumu ajabu. Mama Ngalula alikula viwili akiwa bado kitandani, akasema vinalika.