Sekunde Ishirini za Papa Bisimwa

Nakumbuka asubuhi moja ya barafu ughaibuni, katika mji wa Bowie, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokaribia kumuua mtu kwa kushindwa kungoja sekunde ishirini.

Nilikuwa binti mdogo, mgeni kazini, nikimuuguza Mama Sifa, mzee wa Kikongo aliyepumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme ulikatika, na mtungi wa akiba ulikuwa umebakiza kidogo. Mumewe, Papa Bisimwa, fundi mstaafu, alikuwa na jenereta ndogo ya dizeli uani. Magoti yake hayakuweza barafu, akanituma mimi. Aliniagiza nishikilie swichi ya kupasha injini moto, nihesabu hadi ishirini, ndipo niwashe.

Jenereta nilizozijua kwetu Tanga zilikuwa za petroli. Plagi inatoa cheche, basi. Nikahesabu tano, nikajaribu, ikakohoa tu. Ndani nilimsikia Mama akihema. Hofu ikanipanda. Nikachukua stoo kopo la dawa ya kuamshia magari, nikapuliza kwenye njia ya hewa huku swichi ya kupasha ingali imewashwa, nikajaribu tena kuwasha. Kilitoka kishindo kimoja, injini ikakwama. Pistoni ilikuwa imepasuka.

Papa hakunifokea, na heri angenifokea. Tulimkokota Mama hadi garini na mtungi wake, nikaendesha kwa kunyata mpaka kituo cha zimamoto. Tulipofika, mshale wa mtungi ulikuwa umelala kabisa na midomo ya Mama imegeuka rangi. Wakampa oksijeni, pumzi ikamrudia.

Tukiwa tumeketi pale, Papa akaniambia taratibu, “Mutoto yangu, moteri ya mazutu, hii munaita dizeli, haina cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, mazutu inaingia, inawaka yenyewe. Chuma ikiwa baridi inakula ule moto, ndiyo maana nilisema uipashe kwanza. Ile dawa inawaka mbele ya wakati, inavunja. Ulimupenda bibi yangu, nimeona. Lakini haukunisikia.”

Nililia, mwanangu. Bado naona aibu.

Sasa baba yako ni mgonjwa na yuko mikononi mwako, nami najua unavyompenda. Siku hofu itakapokushika kwa ajili yake, usijitungie njia ya mkato. Fanya ulivyoelekezwa na anayejua, hatua zote, hata kama kila sekunde inakuchoma.

Mungu akutulize mikono, na baba yako aendelee kukuita jina lako kwa pumzi yake mwenyewe.